Siku nne Clare na mama mwenye maumivu ya magoti

*"Mimi ni Mtanzania, naishi London na mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 10. Mwishoni mwa Mei mama yangu mzazi, mwenye miaka 68, anakuja kututembelea kutoka Tanga. Magoti yanamsumbua lakini anatembea. Tungependa kumpeleka Ireland siku nne. Tumefikiria kulala Dublin, na siku moja tupande basi la watalii kwenda Clare, magharibi mwa Ireland, kuona magenge ya bahari ya Cliffs of Moher, jioni turudi. Rafiki aliyewahi kufika anasema Burren tuiruke kwa sababu ni mawe matupu, na kwamba pale kwenye magenge hakuna haja ya kulipa, unaegesha gari barabarani unaingia kwa miguu. Mume wangu na watoto ni raia wa Uingereza. Mimi nina ukaazi wa kudumu wa Uingereza ila pasipoti yangu ni ya Tanzania, na mama atakuja na viza ya Uingereza. Tupange vipi, na watoto watakuwa salama?"*

Dada, naona maswali mawili hapa. La kwanza ni namna ya kugawa siku nne bila kumchosha mama. La pili ni usalama wa mtoto wa miaka sita kwenye ukingo wenye kimo cha zaidi ya mita mia mbili. Yote nitayajibu, ila hujauliza jambo ambalo linaweza kuvunja safari kabla haijaanza, nalo ni viza.

Ireland haimo katika Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na si sehemu ya Uingereza. Makubaliano ya kusafiri huru kati ya nchi hizo mbili yanawahusu raia wake, kwa hiyo mumeo na watoto hawana tatizo. Wabebe pasipoti tu, maana shirika la ndege litaziomba. Wewe na mama mnahitaji viza ya Ireland kila mmoja na yake. Ukaazi wako wa kudumu London haukuondolei hitaji hilo, na viza ya mama ya Uingereza haimuingizi Ireland. Upo mpango unaoruhusu viza moja itumike nchi zote mbili, lakini ni wa raia wa China na India tu. Nadhani huko ndiko uvumi wa "viza ya Uingereza inatosha" unakotokea.

Ombi hujazwa mtandaoni, kisha pasipoti na vielelezo vinapelekwa mahali utakapoelekezwa. Ada ni euro 60 kwa kuingia mara moja, na euro 100 kwa kuingia mara kadhaa. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi mitatu kabla ya safari, na usijipe chini ya wiki nane. Watu wengi hukwama hapa: kwa kawaida ombi hufanywa katika nchi anayoishi mwombaji, kwa hiyo wewe utaomba London na mama ataomba akiwa bado Tanzania. Usitegemee kwamba akishafika kwako mtashughulikia pamoja. Kwa kuwa pasipoti hubaki kwao wakati ombi linashughulikiwa, mama apate kwanza viza ya Uingereza, ahakikishe inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja ili aweze kurudi London, ndipo aombe ya Ireland. Na ikiwa kati yenu yupo aliyewahi kunyimwa viza ya nchi yoyote, lazima aseme kwenye fomu. Kulificha jambo hilo ni kosa kubwa kuliko kunyimwa kwenyewe, na hapo ningekushauri ukaonane ana kwa ana na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla hujatuma chochote.

Sasa Dublin. Kutoka Dublin hadi Cliffs of Moher ni kama kilomita 270. Basi la watalii huondoka alfajiri na kurudi usiku unapoingia, na ndani ya siku hiyo mama atakaa kwenye kiti saa saba hivi ili apate saa moja na nusu au mbili pale kwenye magenge. Magoti yanayouma huumia zaidi kwa kukunjwa muda mrefu kuliko kwa kutembea taratibu. Tena mabasi yote hayo hufika wakati mmoja, kati ya saa tano asubuhi na saa kumi alasiri, saa ambazo pale hujaa kupita kiasi. Ushauri wangu ni kuiacha Dublin kabisa safari hii. Uwanja wa ndege wa Shannon uko ndani ya Clare kwenyewe na una ndege za moja kwa moja kutoka London. Mlale Clare usiku tatu, Ballyvaughan au Lisdoonvarna mkitaka kuwa karibu na Burren, au Ennis mkitaka mji wenye maduka, kituo cha treni na chakula cha kuchagua. Kwa familia yenye bibi na watoto ningechagua Ballyvaughan, kwa kuwa asubuhi mnaamkia palepale mnapotaka kutembea.

Mtahitaji gari. Huko wanaendesha kushoto kama Uingereza na kama nyumbani, hivyo hilo halitawasumbua. Kitakachowasumbua ni wembamba wa barabara za kijijini, zenye kuta za mawe pande zote mbili. Tangu Februari 2025 kikomo cha mwendo kwenye barabara ndogo za vijijini ni kilomita 60 kwa saa, kutoka 80, na hata hiyo 60 ni nyingi kwenye kona. Mkitaka gari la otomatiki liwekeni mapema, kwani ni machache na huisha. Bima ya kawaida ya gari la kukodi hukuachia kiasi kikubwa cha kulipa mwenyewe ukikwaruza ubavu, na kwenye kuta zile kukwaruza ni rahisi. Nunua mapema bima ya kufidia kiasi hicho, na uhakikishe kadi ya benki mtakayotoa kaunta ina jina la dereva. Bila gari kuna basi namba 350 kati ya Ennis na Galway, linalopita Cliffs of Moher, Doolin na Lisdoonvarna. Ni basi zuri, ila halikufikishi kwenye kaburi la kale la Poulnabrone wala kwenye hifadhi ya taifa ya Burren.

Kuhusu ushauri wa rafiki yenu wa kuegesha barabarani, msiufuate. Barabara ya R478 inayopita pale ni ya mabasi makubwa na haina pa kutembea kwa miguu, na wewe utakuwa umemshika mtoto wa miaka sita. Tiketi inajumuisha maegesho, njia zilizotengenezwa, jumba la wageni lililojengwa ndani ya kilima mwaka 2007, na walinzi wanaozunguka ukingoni. Watoto walio chini ya miaka 12 wakiwa na wazazi hawalipi. Ukinunua mtandaoni kwa saa za mapema asubuhi au za jioni, bei ni nafuu kuliko ya mchana. Nendeni jioni. Magenge yanatazama magharibi, hivyo asubuhi uso wake uko kivulini, na kuanzia saa kumi na moja jioni jua linaupiga moja kwa moja, mistari ya miamba inaonekana tabaka kwa tabaka. Mwishoni mwa Mei jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo mna muda wa kutosha. Angalieni utabiri kabla ya kulipia, kwa sababu ukungu ukishuka unaweza kusimama pale usione hata bahari.

Hatari yake uielewe vizuri ili uweze kuwaeleza watoto. Magenge haya yana urefu wa kilomita 8 hivi, na sehemu ya juu kabisa, karibu na mnara wa O'Brien's Tower uliojengwa mwaka 1835, ina kimo cha mita 214. Ni matope na mchanga uliomwagwa na mto mkubwa kwenye delta yake miaka milioni 320 hivi iliyopita, ukagandamana tabaka juu ya tabaka. Tabaka za mchanga ni ngumu, za matope ni laini na humeguka vipande kama karatasi. Mawimbi na mvua hula ile laini kwanza, ile ngumu inabaki imening'inia, na mwamba wenyewe umejaa nyufa za wima. Siku moja kipande chote huachia. Juu yake kuna majani mabichi mazuri ya kukaa, na anayekaa pale hana namna ya kujua kwamba chini ya nyasi hizo hakuna kitu. Ongeza upepo: ukifika ukingoni hupanda juu na kuzunguka, hausukumi upande mmoja tu, hivyo unaweza kuwa umejiegemeza dhidi yake halafu ukakatika ghafla.

Kwa hiyo sheria ya familia yenu iwe moja: hatuvuki ukuta wa mawe, hata kwa picha, hata kama tunaona wengine wamevuka. Ndani ya ukuta mahali pale ni salama kwa mtoto yeyote anayesikia. Njia ndefu ya miguu inayofuata ukingo kati ya Doolin na Hag's Head si yenu safari hii. Sehemu zake kubwa zilifungwa mwaka 2024 kwa sababu za usalama, na hata zikiwa wazi si za mtoto wa miaka sita. Mkifika siku ambayo huduma ya hali ya hewa, Met Éireann, imetoa tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu kwa upepo, hamisheni siku.

Waonyeshe watoto hayo mabamba ya mawe yaliyotengenezewa ukuta. Kwenye uso wake kuna michirizi iliyopinda na kujikunja, minene kama kidole. Ni njia za viumbe waliotambaa ndani ya matope yale kabla hayajawa jiwe. Wapitishe kidole. Mwishoni mwa Mei pia ndege wa baharini wako kwenye viota, wakiwemo wale wadogo wenye mdomo wa rangi, pafini. Huonekana kwenye kisiwa cha Goat Island, chini ya upande wa mnara, kuanzia Aprili hadi Julai. Ni wadogo, sentimita 30 hivi, na mnawatazama kutoka juu sana, kwa hiyo bila darubini watoto watalalamika kwamba hawaoni kitu. Mama anaweza kufika jukwaa kuu kwa njia iliyosakafiwa yenye mwinuko wa wastani. Ngazi za kupanda kwenye mnara aziache. Kituo huwa na viti vya magurudumu vya kuazima, waandikie kabla.

Burren sasa, na hapa sikubaliani na rafiki yenu hata kidogo. Mkilazimika kuchagua sehemu moja tu ya Clare, ningewaambia mchague Burren.

Mama anatoka Tanga, kwa hiyo mwambie hivi: Burren ni kama mapango ya Amboni yaliyofunuliwa paa. Ni mawe ya chokaa, yaliyojengeka chini ya bahari ya joto yenye matumbawe, miaka zaidi ya milioni 330 iliyopita, wakati nchi ambayo leo ni Ireland ilikuwa karibu na ikweta. Maji ya mvua yana asidi kidogo na huyeyusha chokaa polepole. Penye ufa yanaupanua, na baada ya maelfu ya miaka unapata sakafu ya mabamba makubwa yaliyotenganishwa na mifereji ya upana wa kiganja na kina cha kufika gotini au zaidi. Ndiyo maana juu hakuna mito: maji yote yanapita chini. Katika mabonde kuna maziwa ambayo hujaa mvua ikinyesha sana na kukauka kupitia matundu ya ardhini, leo ziwa, wiki ijayo malisho.

Wengi hudhani pamekuwa patupu hivyo tangu mwanzo. Hapana. Barafu ya zamani ilikwangua sehemu, lakini palikuwa na udongo na misitu ya misonobari na miti midogo. Wakulima wa kwanza walikata, wakachoma, wakalisha mifugo, na udongo ulioachwa bila mizizi ukasombwa na kuingia nyufani. Na wafugaji wa leo ndio wanaoifanya Burren iwe na maua. Kwingine Ulaya ng'ombe hupandishwa milimani kiangazi. Hapa hupandishwa majira ya baridi, kwa kuwa chokaa huhifadhi joto na juu hapatuami maji. Ng'ombe wakila nyasi ndefu zilizokauka, majira ya kuchipua yakifika mwanga unafika chini na mimea midogo inapata nafasi. Wakiondolewa, vichaka hufunika kila kitu ndani ya miaka michache.

Mei mtaona jentiani ya buluu, ua la ukubwa wa sarafu lenye rangi kali inayokufanya usimame, likiota sentimita chache tu kutoka ardhini. Kando yake kuna mimea ya nchi za barafu na okidi za jamii inayopatikana kusini mwa Ulaya, yote kwenye ufa mmoja. Mwambie mtoto apige magoti na achungulie ndani ya mfereji: humo kuna mikangaga, unyevu na utulivu, huku juu upepo unavuma. Msichume, na msipange mawe kuwa minara midogo kama mtakavyoona wengine wamefanya. Kila jiwe linalong'olewa hufunua udongo kidogo uliosalia, na minara hiyo imewahi kujengwa karibu kabisa na makaburi ya kale kwa mawe yaliyotolewa hapohapo.

Kaburi lenyewe ni Poulnabrone, kando ya barabara ya R480, kilomita 8 hivi kusini mwa Ballyvaughan. Kuingia ni bure, na kutoka maegesho ni dakika tano kwa miguu. Watu huliita madhabahu ya kafara, na silo. Ni kaburi la pamoja. Lilichimbuliwa mwaka 1986 na 1988, ikapatikana mifupa ya watu zaidi ya 30, waliozikwa kwa muda wa karne kadhaa kuanzia mwaka 3800 KK hivi. Wengi walikufa kabla ya kufika miaka 30, na mmoja alikuwa na ncha ya silaha ya jiwe ndani ya mfupa wa nyonga. Kamba iliyozungushwa msiivuke.

Kwa magoti ya mama, sakafu ya chokaa ndiyo hatari kuliko magenge. Mguu ukiingia kwenye mfereji, kifundo huvunjika. Avae kiatu kinachoshika kifundo, awe na fimbo, atembee penye kokoto tu, na mvua ikinyesha asikanyage mabamba kabisa kwa sababu yanateleza. Hilo halimnyimi raha. Barabara ya pwani ya R477 inayozunguka Black Head inampa mawe, maua na bahari bila kwenda mbali na gari. Corcomroe, abasia ya watawa wa Cistercian ya mwanzoni mwa karne ya 13, inafikika kwa hatua chache za tambarare. Ndani kuna sanamu ya jiwe ya mfalme Conor O'Brien aliyefariki 1268, na vichwa vya nguzo vilivyochongwa maua, kwenye kanisa ambalo jina lake la Kilatini linalitaja jiwe lenye rutuba. Tazameni jinsi uchongaji ulivyo bora upande wa mashariki na unavyozidi kuwa wa kawaida kuelekea magharibi.

Mumeo na mtoto mkubwa wanaweza kwenda hifadhi ya taifa chini ya kilima cha Mullaghmore, kwenye njia zilizowekwa rangi: nyeupe ni ya nusu saa hivi, bluu huchukua takriban saa tatu. Maegesho ya pale ni finyu mno, kwa hiyo wawahi. Mtandao wa simu hukatika, wapakue ramani kabla. Kama hawajazoea mwamba wa aina hii, wachukue matembezi ya kuongozwa na mtaalamu wa hapo. Ataona maua ambayo wao wataruka. Kwa pango, chagueni Aillwee karibu na Ballyvaughan. La Doolin lina ngazi zaidi ya 120.

Bunratty, kasri la karne ya 15 karibu na uwanja wa ndege, lina kijiji cha kale ambacho watoto watakipenda. Ngazi za ndani ya kasri ni za kuzunguka, nyembamba na kali, hivyo mama abaki kijijini. Boti ya kwenda kisiwa cha Inis Oírr kutoka Doolin ningeiacha: kupanda na kushuka hutegemea mawimbi, na siku ya bahari mbaya huahirishwa. Badala yake nendeni Loop Head, ncha ya kusini magharibi yenye mnara wa taa wa 1854. Kuna magenge mazuri na watu wachache, ila kule nje hakuna uzio, kwa hiyo watoto washikwe mkono muda wote.

Mpangilio basi uwe hivi: siku ya kutua, Bunratty halafu Ballyvaughan. Siku ya pili ni Burren yote, polepole. Ya tatu asubuhi mpumzike, alasiri mpite Kilfenora kuona misalaba mirefu ya mawe, jioni Cliffs of Moher. Ya nne ni Loop Head ikiwa ndege ni ya usiku. Kama ni ya mchana, tembeleeni Quin Abbey, iliyo njiani na yenye ua wa ndani uliosalia vizuri.

Kabla ya yote, mama amwone daktari wake Tanga, amweleze kwamba atakuwa na saa nyingi za ndege na gari, na abebe dawa zake zikiwa kwenye vifungashio pamoja na cheti. Bima ya safari ya kumgharimia matibabu ni lazima; kadi zenu za afya za Uingereza hazimhusu, na maombi ya viza yataiulizia. Goti likivimba, likiwa la moto, au shavu la mguu mmoja likiuma na kuvimba baada ya ndege, asisubiri kurudi London, apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo. Na mkiona mtu ameteleza ukingoni au yuko majini, msimfuate. Pigeni 112 au 999, ombeni walinzi wa pwani, na mtaje jina la mahali mlipoegesha.